Kulipia Kulala Nje: Waraka wa Minnesota kwa Watu wa Frere Town

Kupiga kambi, kwa maana inayotumika Minnesota, ni desturi ya mtu mwenye nyumba, kitanda na maji ya bomba kuviacha vyote kwa hiari yake na kulipa ada ili akalale chini, ndani ya kitambaa, msituni. Hajafukuzwa na mwenye nyumba wala hajakimbia mafuriko. Hili huelezwa mapema kwa sababu jamaa wa Kengeleni, Frere Town, Mombasa, wakipokea picha ya kijana wao ameketi mbele ya hema, swali la kwanza huwa ni kama bado ana kazi. Anayo. Asiye na kazi haimudu kambi.

Jimbo lenyewe liko kaskazini mwa Marekani, mpakani na Kanada. Wakenya wake wengi huishi Minneapolis, St. Paul na vitongoji kama Brooklyn Park, na kutoka huko eneo la misitu na maziwa ni mwendo wa saa tatu hadi tano kwa gari. Vibao vya namba vya magari hutangaza maziwa 10,000, na hapa mwenye tangazo amepunguza badala ya kuongeza chumvi: yaliyohesabiwa, yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi, ni 11,842. Yaliachwa na barafu nene iliyosaga nchi hiyo na kuyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kandokando yake imesimama misonobari mirefu na miti ya magome meupe.

Kambi ni za aina nne. Aina ya kwanza ni hifadhi za jimbo, na kongwe kuliko zote ni Itasca, iliyoanzishwa 1891, miaka 16 baada ya wamishonari kuanzisha Frere Town kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Ina maziwa zaidi ya 100, na mto Mississippi huanzia humo: hutoka ziwani ukiwa maji ya magotini, na wageni huuvuka kwa kukanyaga mawe. Kila Mkenya anayefika hupigwa picha akiuvuka mto huo mashuhuri, kisha huituma nyumbani, ambako huulizwa kwa nini ameendesha gari saa nne kwenda kuruka mtaro.

Hifadhi nyingi za jimbo zina vyoo vya maji, bafu za maji moto na hata vibanda vya mbao kwa wasioliamini hema. Gari hulipiwa kwa siku au kwa mwaka, mbali na ada ya kiwanja. Nafasi hufunguliwa siku 120 kabla, na viwanja vya ukingoni mwa ziwa huwahiwa mapema sana. Aliyezoea kuamua Ijumaa usiku kwamba kesho watu wote ni ufukweni Pirates hukuta viwanja vimechukuliwa na watu waliopanga usingizi wao tangu theluji ikiwa bado iko chini.

Aina ya pili ni kambi za misitu ya jimbo. Bei yake ni nafuu, choo ni cha shimo, bafu hakuna, na viwanja vingi ni vya anayetangulia. Maji hupatikana kwa pampu ya mkono. Watoto waliozaliwa Minnesota hugombania pampu hiyo kwa furaha, zamu kwa zamu, huku wazazi wao, waliokulia kwenye foleni za mitungi, wakiwatazama bila kusema neno.

Aina ya tatu ni kambi za watu binafsi. Humo huegeshwa magari makubwa yenye vitanda, friji, runinga na kiyoyozi, na mwenye gari hukaa nje kwenye kiti cha kukunja akisifia maisha ya porini.

Aina ya nne ni Boundary Waters, ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, mpakani kabisa na Kanada. Eneo hili lina zaidi ya ekari milioni moja na maziwa zaidi ya 1,000. Kambi zake hufikiwa kwa mtumbwi na kafi, na ziwa likiisha mtumbwi hubebwa mabegani hadi ziwa linalofuata. Kibali ni lazima, na kundi halizidi watu tisa na vyombo vinne. Ukoo wa Kisauni ukifika tisa ndiyo kwanza umeanza kuhesabiwa. Choo ni kisanduku juu ya shimo, katikati ya miti, bila ukuta wala paa. Makopo na chupa za kioo ni marufuku, na sharti hili humgusa Mpwani pabaya, kwa kuwa wali wa nazi ughaibuni hutegemea tui la kopo. Wenye uzoefu hulimimina kwenye chombo cha plastiki kabla ya safari na kulipika usiku wa kwanza, au hubeba tui la unga na kutolijadili.

Baada ya kuchagua aina ya kambi huja kiwanja chenyewe, nacho hukaguliwa kama ploti ya Kisauni kabla ya kutoa dipoziti: maji yatapita wapi mvua ikinyesha, jirani ni nani, na upepo unatoka upande gani. Mahali pa bonde huonekana pazuri hadi saa nane za usiku, godoro la upepo linapoanza kuelea. Mti mkavu juu ya hema ni hatari, hata kama unatoa mandhari nzuri. Choo kiwe karibu kiasi cha kufikika gizani, na mbali kiasi cha kutojulikana kwa harufu. Viwanja vyenye umeme huvuta magari makubwa. Vile vinavyofikiwa kwa miguu tu huwa na utulivu. Kiwanja cha kwenye rasi, ambapo upepo wa ziwa hupita, kina mbu wachache kuliko kile cha ndani ya ghuba, na hili mtu wa Pwani hulijua bila kufundishwa.

Msimu nao una hesabu yake. Mei na Juni huleta inzi weusi wadogo wanaouma nyuma ya masikio, na Juni na Julai ni za mbu. Mbu wa Minnesota haleti malaria, habari ambayo huwapa nafuu wageni kwa muda wa dakika kumi hivi, kabla ya kugundua kwamba hufidia upungufu huo kwa wingi. Isitoshe, mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu za usiku, na kimya cha kambi huanza saa nne. Hadithi za kando ya moto hubaki na saa moja tu, nusu yake mchana. Kwa hiyo wanaoijua kazi huchagua mwishoni mwa Agosti: giza huingia mapema, mbu wamepungua na maji yamepata joto la jua la miezi mitatu. Shuka la leso halitoshi, kwani usiku huweza kuwa chini ya nyuzi 10.

Kupe huhitaji uangalifu zaidi kuliko mbu, kwa sababu baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Soksi huvutwa juu ya suruali, na kila jioni mwili hukaguliwa, pamoja na nyuma ya magoti. Dubu weusi wapo pia, na wanachotafuta ni chakula. Chakula chote hufungiwa ndani ya gari, au, pasipo na gari, hutundikwa juu ya mti au kuwekwa kwenye chombo kigumu kisichofunguka kwa makucha. Kanuni hii haina msamaha kwa mahamri yaliyofichwa ndani ya begi la nguo ili watoto wasiyamalize. Iliki husikika mbali.

Moto huwashwa ndani ya pete ya chuma pekee. Katika hifadhi za jimbo hairuhusiwi kuokota kuni, wala kuleta zisizoidhinishwa, kwa sababu kuni husafirisha wadudu waharibifu. Mmoja wao, mdudu wa kijani mwenye asili ya Asia, aligunduliwa jimboni 2009 na ameua miti mingi. Mtu huzungukwa na msitu pande zote na bado hununua kuni. Wenyeji huzitumia kuchomea peremende nyeupe laini kwenye kijiti, wakaibana kati ya biskuti na chokoleti, wakaiita chakula. Mishikaki iliyolala kwenye ndimu, tangawizi na pilipili hutatua tatizo hilo, na kwa kawaida huleta majirani wawili watatu wanaojidai wamekuja kuuliza kama kuna mtu ana kiberiti.

Ziwani, mzaliwa wa Pwani hujikuta na mazoea yasiyo na kazi. Huuvuta mtumbwi mbali juu ya ufuo akisubiri maji kujaa, na maji hayajai, kwa sababu ziwa halina kupwa wala kujaa. Anayeelea vizuri baharini huzama kidogo zaidi hapa, maana maji matamu hayabebi kama ya chumvi. Kila aliyemo chomboni huwekewa jaketi la kuokolea, na mtoto wa chini ya miaka 10 sharti alivae. Kuvua samaki nako kuna leseni kwa aliyefikia miaka 16. Mvuvi wa ndoano aliyekulia mkondo wa Tudor, akimwonyesha askari wa hifadhi karatasi ya kumruhusu kukamata samaki ambaye bado hajamkamata, ni tukio la kawaida.

Kuondoka kuna utaratibu wake. Moto humwagiwa maji, majivu yakakorogwa, yakamwagiwa tena hadi yashikike kwa mkono. Takataka zote hukusanywa, pamoja na vijiti vya mishikaki. Mtumbwi husafishwa magugu na kutolewa maji kabla ya kuondoka ziwani, ili kome wageni na mimea haribifu visihamie ziwa jingine. Hema hukunjwa likiwa na umande, kwa hiyo hutandazwa tena nyumbani likauke, vinginevyo litaota ukungu. Katika fleti hutandazwa sebuleni, juu ya makochi, kwa siku mbili, na wenye nyumba hula wamesimama.