Mnunue Bedford, msiogope

Wanaomcheka anayenunua Bedford kuukuu hapa Garissa hawajui mali. General Motors iliacha kuunda malori hayo Uingereza miaka ya 1980. Sisi bado tunayapa kazi. Leo ni basi la Wajir, kesho tangi la maji, keshokutwa mbuzi chini, abiria juu wameng'ang'ania vyuma, na turnboi kashika koleo akingoja mchanga.

Nairobi nako wana magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ya kupandia ukingo wa maegesho ya supamaketi. Maskini, wamenyimwa matope.

Tuwashukuru viongozi wetu. Tangu 1963 wametukinga na lami nyingi, maana lami huwatia madereva usingizi, na safari ya Mandera ikiisha mapema abiria watazoeana lini? Wao wenyewe, kwa huruma yao, huja kwa helikopta wasije wakaichakaza njia yetu.

Kwa hiyo nunua, ndugu, wala usihofu hasara. Mwaka 2027 kuna uchaguzi: lami itaahidiwa tena, na lori lako halitakosa kazi.