Kabla Hujainua Mkono: Mwongozo kwa Mgeni wa Parokia

Hatari huanzia kwenye jumuiya, kabla hujatia mguu kanisani. Ni katikati ya wiki, sebuleni mwa mtu Umoja au Kayole, jijini Nairobi, viti vimeazimwa kwa jirani na rozari imekwisha. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikubaliana mwaka 1976 kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, watu wa ploti chache wanaojuana kwa majina. Walichosahau kuonya ni kwamba watu wakijuana kwa majina, hakuna pa kujificha. Jumapili ijayo ni zamu yenu kuongoza liturujia. Mama mwenyekiti anainua macho kutoka kwenye daftari. Chumba kinanyamaza, kila mtu anakagua kucha zake. Wewe mgeni unadhani ni adabu kumtazama anayezungumza.

“Kijana, wewe uko na sauti. Utatusomea somo la pili.”

Umeshaandikwa.

Somo la pili ni fupi, lakini usidanganyike na ufupi. Mara nyingi ni barua ya Mtume Paulo, na Paulo akianza sentensi hajui kituo. Vuta pumzi kabla hujaanza, maana katikati hutapata nafasi. Hata hivyo, afadhali Paulo kuliko Pentekoste. Kila mwaka siku hiyo husomwa sura ya pili ya Matendo ya Mitume, na humo mna Waparthi, Waelami, watu wa Kapadokia, Frigia na Pamfilia, wamejipanga kama abiria wa Buruburu jioni ya mvua. Wasomaji wakongwe wanaijua tarehe hiyo, ndiyo maana wikendi hiyo huwa wana dharura ushago. Ikikuangukia, litamke kila jina kwa nguvu na usirudi nyuma. Nusu ya kanisa itadhani ni wao ambao wamekuwa wakikosea miaka yote.

Maandishi mekundu kitabuni ni maelekezo. Usiyasome kwa sauti. Mikrofoni usiipige kofi wala kuipulizia. Ukimaliza, sema “Neno la Bwana”, halafu urudi kwenye benchi lako. Usiseme “asanteni”.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misa ilikuwa ya Kilatini na karibu yote ilikuwa kazi ya padre. Hati ya liturujia ya Desemba 1963 ndiyo iliyotaka waumini washiriki kikamilifu. Mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita aliwafungulia walei huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare, ila wanaume peke yao. Papa Fransisko aliwaongeza wanawake Januari 2021. Habari hiyo ilipofika Eastlands iliwakuta kina mama mimbarini, miwani puani, wakiwa wamesoma miaka na miaka.

Labda utasema kusoma si fani yako, utaimba. Pole. Mazoezi ya kwaya ni jioni, nota za do-re-mi ziko ubaoni, na mwalimu anasimamisha wimbo kila baada ya mistari miwili kuuliza kama besi wamelala. Hilo utalizoea. Kisha inakuja sare, na ikishashonwa, kamati inagundua kwamba kitenge kile kinafifia. Baada ya sare kuna harambee ya kinanda. Baada ya kinanda kuna video, na hapo utajikuta kwenye nyasi za bustani ya watu, saa sita mchana, ukipunga mkono kulia na kushoto na viatu vya kuazima. Jumamosi nazo sahau. Ikiwa hakuna harusi, kuna mazishi Murang'a au Machakos, na basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Matoleo yanahitaji neno lake. Kutoka Kariobangi mpaka Shauri Moyo, Misa ya Kiswahili haina haraka sadaka inapopelekwa altareni kwa kucheza: unga, mafuta ya kupikia, sukari, karatasi za chooni, na siku ya sherehe, jogoo. Wanapogawa vitu pale mlangoni, kimbilia unga. Unga haugeuzi shingo kukutazama, wala hauwiki padre akiwa katikati ya sala. Ukilazimishwa jogoo, hakikisha mwenyewe kwamba amefungwa miguu. Usichukue neno la mtu.

Usijitolee kuhesabu sadaka. Shilingi hamsini zikipungua mwaka huu, utatazamwa kwa jicho la pembeni mpaka wajukuu wako wapate Kipaimara. Ukaribishaji nao una kitambaa kizuri cha begani, lakini kazi yenyewe ni kumshawishi mtu aliyechelewa akakae benchi la mbele, na hajazaliwa aliyeiweza.

Sasa kuhusu kutoka: hakuna. Ukisoma vizuri mara moja, unaingizwa kamati ya liturujia. Ukihudhuria kikao, unakuwa katibu kwa sababu wewe ndiye uliyekuja na kalamu. Usidhani utahama mtaa utoroke. Siku ukitaka mtoto abatizwe, utaulizwa barua kutoka jumuiya, na barua inaandikwa na yule yule mama mwenyekiti, ambaye daftari lake halijawahi kupotea.

Nami nitasema ninavyoona. Wanaume wengi wa parokia zetu hujitolea kwa kazi yenye mikrofoni. Jumamosi asubuhi, wakati sakafu inapigwa deki, nta ya mishumaa inakwanguliwa kwa kisu na tope la mtaa mzima linatolewa chini ya mabenchi, utawakuta kina mama watano na kijana mmoja aliyetumwa na mama yake. Vitambaa vya altare vinafuliwa kwa mkono na mtu ambaye jina lake halitangazwi mwishoni mwa Misa. Bila hao, huyo msomaji wa Pentekoste angesomea vumbi.

Basi, ikiwa umesoma mpaka hapa na bado moyo unakusukuma, njoo Jumamosi saa mbili. Njoo na ndoo yako, za kanisa zinavuja.