Darubini Imefika, Mguu Je?

Tch! Jamani, hebu sogeeni kwenye benchi niwaambie. Sisi wa Gihosha, hapa Bujumbura, tumeshaona mengi. Tumeona mtu akileta gari toka Dubai halafu lango la nyumba yake halipitishi hata mkokoteni. Tumezoea. Ila hili la darubini, lahaula! Limetuchosha shingo kwa kutikisa vichwa, na chai imepoa mkononi hatujainywa.

Utawajua kwa boksi. Boksi limeletwa na shemeji wa Ubelgiji, au limeshuka na mizigo ya Kanada, na juu yake kuna picha ya wingu la nyota, waridi na buluu, ambalo lilipigwa na Hubble ikiwa huko huko angani, wala si na hicho kibomba kilicholala ndani ya sponji. Chini ya picha, kwa herufi za kumsomea kipofu: MARA 525! Mwenye boksi analisoma kwa sauti barabarani ili wa Mutanga wasikie na wa Kigobe wasikie. Mara mia tano ishirini na tano, wee! Huyu leo atahesabu kuku wa Uvira, ng'ambo ya ziwa.

Haya, tupige hesabu, maana hapa kijiweni hesabu hatuzikimbii. Urefu wa mwanga ndani ya bomba ni milimita 700. Lenzi ya jicho iliyo ndogo kuliko zote ni ya milimita 4. Gawanya: 175. Kisha wamekutilia kile kibomba cha kuzidisha kiitwacho barlow, mara tatu. Ndiyo hiyo 525 yako. Hesabu haina kosa! Kosa liko kwenye kioo, ambacho upana wake ni milimita 76 tu, na wenye kazi yao wanajua tangu zamani kwamba ukuzaji wa maana hauzidi mara mbili ya milimita za kioo. Hapo unapata 150, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukivuka hapo unakuza ukungu, na ukungu wa bure tunao wa kutosha pale ziwani.

Lakini tuseme bwana kakubali yaishe, kaweka lenzi ya kawaida, kaupata Mwezi. Sasa ndipo roho inapouma. Mguu wenyewe ni vijiti vitatu vya alumini vya kukunjwa, vimeshikwa na skrubu za plastiki. Anaweka jicho. Mwezi umefifia kidogo, anataka kuuona wazi. Anagusa kifundo cha kurekebishia kwa ncha ya kidole, kwa adabu zote, na Mwezi wote unaanza kucheza ngoma: mashimo yanapanda, yanashuka, yanavukana. Anaondoa kidole. Anangoja. Moja, mbili, tatu, nne... umetulia, lakini bado umefifia. Anagusa tena. Ngoma inaanza upya. Upepo nao unashuka toka milimani, mtoto anapita mbio, mbwa anajikuna kwenye mguu mmojawapo. Mpaka anapata picha safi, dunia imeshazunguka na Mwezi umetoka nje ya kioo. Anaanza kuutafuta. Mke wake anauliza toka dirishani, “Umeona nini, Baba Fulani?” Anajibu, “Nauona vizuri sana!” Mwongo mkubwa.

Pesa zote zilikwenda kwenye bomba na namba za boksi, mguu ukapewa chenji. Ukimwuliza aliyekaa na vitu hivi miaka mingi, atakwambia nusu ya bajeti iende kwenye mguu, na kwa anayetaka kupiga picha, hata zaidi ya nusu. Ukimwambia hivyo mtu wa hapa, anakuangalia kama umemtukana mama yake.

Sasa kuna wale wengine, wenye nacho. Hao hawanunui kibomba cha maonyesho, wao wanataka picha za kuweka kwenye simu, za galaksi, na wamesoma mtandaoni mpaka macho mekundu. Kijana mmoja wa huku juu, jina tulihifadhi, aliagiza mguu wa ikweta, ule wa wanaume. Kichwa peke yake karibu kilo 17, tripodi mbali, vyuma vya kusawazisha mbali. Walioubeba kutoka kwenye teksi walidhani ni mashine ya kusaga. Tukakusanyika. Fundi wa kuchomelea akaja toka Buyenzi, hakuna aliyemwita.

Mguu wa namna hiyo, kwa faida ya wanaochelewa kufika, una mhimili mmoja ambao lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kuzungukia. Ukishauelekeza, mota moja tu inazunguka polepole, nyuzi 15 kwa saa, kinyume cha mzunguko wa dunia, na nyota inakaa pale pale kwenye picha hata dakika tano. Kizuri kabisa. Ila mhimili huo huinuliwa kutoka ardhini kwa nyuzi zile zile za umbali wako na ikweta. Mtu wa Brussels anauinua nyuzi 50 hivi, umekaa kwa heshima. Sisi Bujumbura tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 3 na kitu. Tatu, jamani! Mhimili wetu unatakiwa ulale chali kabisa, kama mzee baada ya ugali na mukeke.

Na mguu umekataa kulala. Tch, tch, tch. Kiwanda cha Sky-Watcher kimeandika kwamba mguu wake, EQ6-R, unafanya kazi kuanzia nyuzi 5 hadi 65. Celestron na AVX yao: 7 hadi 77. Yaani mguu uliopewa jina la ikweta unafika ukingoni mwa ikweta, unagoma! Wameuchonga wakifikiria Wazungu na theluji zao, na aliyeununua hakusoma ule mstari mmoja kwenye karatasi, kwa sababu alikuwa anasoma kuhusu kamera.

Kijiwe kikaingia kazini. Mmoja akasema weka matofali chini ya miguu miwili ya tripodi iliyo kaskazini ili kichwa kiinamie kusini. Hilo si la kucheka, ndilo wanalofanya wengi walio karibu na ikweta, na linasaidia. Wakaweka matofali, wakaongeza vipande vya ubao. Kikainama. Wakafunga bomba, wakawasha mota kulizungusha kulijaribu, na ile fimbo ya vyuma vya kusawazisha ikashuka taratibu, taratibu, kila mtu anaitazama, hakuna anayesema kitu, mpaka ko! Imegonga mguu wa tripodi. Maana mhimili ukilala hivyo, vyuma vinaning'inia moja kwa moja juu ya mguu unaoelekea ncha. Ikabidi tripodi izungushwe ili vyuma vipite katikati ya miguu miwili, na fundi wa Buyenzi akaapa kwamba yeye angelikata tu lile bomba.

Usiku ukafika. “Tafuteni nyota ya kaskazini,” akasema mmoja aliyesoma kijitabu cha maelezo. Eti nyota ya kaskazini! Hiyo Polaris kwetu iko chini ya upeo wa macho, haichomozi hata ukipanda juu ya tanki la maji. Kusini nako kuna Sigma Octantis, nyota hafifu ambayo hata kwenye giza zuri inaonekana kwa taabu, na kwetu iko nyuzi 3 juu ya ardhi, maana yake nyuma ya mwembe wa jirani, nyuma ya mabati ya jirani, na nyuma ya moshi wa makaa ya jirani. Nenda kamwombe jirani akate mwembe. Sisi hatumo.

Baada ya yote hayo, mota ikawashwa rasmi, na nyota zikaanza kukimbia. Siyo kutambaa, kukimbia! Kijana akatokwa jasho. Kumbe mguu ulikuwa bado umepangwa kwa watu wa kaskazini, unazunguka upande usio wetu. Badala ya kuifuta kasi ya dunia ukawa unaiongeza mara mbili. Kwenye mipangilio kuna pa kuchagua kaskazini au kusini. Palipochaguliwa, nyota zikatulia, na umeme ukakatika.

Mimi simlaumu sana. Dawa zipo siku hizi, ila zinataka mtu anayeuliza kabla ya kulipa. Kuna programu ambazo kamera inapiga picha mbili tatu za kipande chochote cha anga, kompyuta inazitambua nyota zake, kisha inakwambia zungusha skrubu hii kushoto kidogo, ile juu kidogo, na ncha umeipata bila kuiona. Mwembe wa jirani unabaki salama. Kuna pia ile miguu mipya midogo, kama AM5 ya ZWO iliyotoka 2022: kichwa cha kilo 5 hivi, inabeba kilo 13 bila chuma cha kusawazisha, na inakubali kulala hadi ikweta bila tofali. Bei yake ndiyo itakayokulaza wewe. Na kwa mguu wowote, ule uzito ulioandikwa na kiwanda ni wa kutazama kwa macho; ukitaka picha, chukua nusu. Umeandikiwa kilo 20, pakia kumi, pamoja na kamera, pamoja na kibomba cha kuongozea, pamoja na nyaya zote zinazoning'inia. Betri ya gari iwe karibu, kwa sababu tunazozijua wote.

Haya, na huyu ambaye hataki picha, anataka kuangalia tu kwa macho yake aliyopewa na Mungu? Huyo ndiye ninayemwonea huruma zaidi, maana shida yake ilishatatuliwa na mzee wa barabarani kama sisi. John Dobson alikuwa mtawa kule California. Alitengeneza darubini kwa siri kutokana na vioo chakavu na mabomba ya karatasi ngumu, monasteri wakachoka naye, wakamtoa 1967. Mwaka uliofuata akaanza na wenzake kusimamisha wapita njia kwenye kona za mitaa ya San Francisco: njoo uone Mwezi, njoo uone Zohali. Mguu wa darubini yake ni sanduku la mbao. Linazunguka kushoto na kulia, bomba linapanda na kushuka, basi. Vipande vya tefloni vinateleza juu ya formaika, hakuna mota wala ncha ya anga ya kutafuta nyuma ya mabati. Hakuwahi kujimilikisha uvumbuzi huo kisheria, kila mtu akaruhusiwa kuuiga. Seremala yeyote anayetengeneza kabati hapa Gihosha analiweza sanduku hilo kati ya Jumatatu na Ijumaa, akilipwa malipo ya kwanza. Akilipwa malipo yote, sisemi.

Kasoro yake hatufichi. Nyota zetu zinapanda wima mpaka utosini, na sanduku la Dobson linachukia utosi: bomba likisimama wima, kulisukuma kushoto au kulia ni kuhangaika na gurudumu bila mshiko. Orioni ikipita pale juu kabisa, na kwetu mkanda wake hupita karibu kabisa na utosi, subiri ishuke kidogo magharibi. Kuna haraka gani? Na anayetumia mguu wa kompyuta wa aina hiyo ya juu-chini na kushoto-kulia, anayesikia kwamba picha zake zitajizungusha, ajue kwamba ukitazama mashariki hasa au magharibi hasa, picha karibu haizunguki kabisa, na kwa sisi wa ikweta nyota ikichomoza mashariki hasa hubaki upande huo huo mpaka karibu na utosi. Bahati hiyo wa Brussels hawana. Hakuna aliyewahi kuisifu kwenye benchi hili mpaka leo.

Vikorokoro, loo! Mtu ana lenzi kumi na mbili kwenye sanduku la alumini, na anatumia mbili. Ana vichujio vya rangi zote, hana kiti, anaangalia amepinda mgongo. Nunua lenzi mbili nzuri, kile kitone chekundu cha kulengea, na kishikio cha simu kwa ajili ya watoto wanaotaka kuondoka na Mwezi. Lakini kuna kimoja lazima nikasirike: kile kichujio kidogo cheusi kilichoandikwa SUN, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kitupeni! Kioo kinakusanya jua lote kulipeleka pale, kichujio kinapasuka kwa joto, na jicho halina spea Buyenzi. Cha jua hufunika mdomo wa bomba, mbele kabisa. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, wa Rujewa kule Tanzania wakaona pete kamili na sisi huku tukaona limemegwa, niliona watu wazima, wenye vyeo, wakichungulia kwa filamu ya eksirei ya kifua cha mtu.

Wenzetu Nairobi, Susan Murabana na mumewe Chu, wanazunguka na darubini mpaka shule za mbali, watoto wanapanga foleni. Sisi tulijaribu yetu, ya sanduku, hapa hapa barabarani, faranga 500 kwa jicho. Ilikuwa 2025, ule mwaka ambao pete za Zohali zilitugeuzia ubavu, na kilichoonekana ni kijiuzi chembamba tu. Bwana mmoja aliyesimama foleni tangu magharibi akaangalia, akanyanyuka, akauliza pete ziko wapi. Tukamweleza. Akauliza tena, kwa sauti ya mahakamani. Tukamwambia zinafunguka polepole, kufikia 2032 hivi zitakuwa wazi kabisa. Akafikiri sana. Kisha akataka aandikiwe karatasi kwamba zamu yake ya 2032 ameshailipia.