Kwani Si Unapenda Mwenyewe?

Mahafali ya siku hizi hayakamiliki bila mhamasishaji. Atapanda jukwaani na suti ya bluu iliyombana mapajani, atakunywa maji, atawatazama wahitimu kwa huruma, kisha atayasema yale waliyokuja kuyasikia: ajira hazipo, fanyeni mnachokipenda, pesa itawafuata yenyewe. Wahitimu watashangilia. Wazazi watapiga makofi ya adabu. Halafu atachukua bahasha yake na kuondoka, na huwezi kumlaumu, maana katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye aliyelipwa siku hiyo kwa kufanya anachokipenda.

Mimi napenda kuoka keki. Ugonjwa huu niliupata jikoni kwa mama, enzi za kuoka kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sufuria ndogo ya keki ndani yake, mfuniko, na juu ya mfuniko makaa yamepangwa kwa mduara. Mama hakuwa na kipimajoto. Alisogeza kiganja juu ya mfuniko, akakiacha hapo kidogo huku akisikiliza taarifa ya habari, kisha akaondoa kaa moja au akaongeza mawili. Keki ilitoka na rangi ileile kila mwaka. Nilidhani nikikua nitakuwa mtu wa namna hiyo. Badala yake nikawa mhitimu wa shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, yaani elimu ya namna ya kuajiri, inayotolewa kwa vijana ambao wenyewe wanatafuta wa kuwaajiri.

Nilipotangaza nyumbani kwamba barua za maombi ya kazi basi, sasa naoka, baba alivua miwani.

"Shaaban Robert unamjua?"

"Namjua, baba."

"Alikuwa anafanya kazi wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amejiandaa. Shaaban Robert aliingia forodhani kama karani mwaka 1926 na akakaa huko hadi 1944. Baadaye akahudumu idara ya wanyamapori, akaishia ofisi ya upimaji ardhi. Mashairi yote yale, insha zote zile, na mwisho wa mwezi mtu anakwenda kusaini mshahara wa serikali. Hili wahamasishaji hawalisemi.

Mama akaniokoa na Siti binti Saad. Si alikuwa anazunguka na vyungu mjini Unguja? Si aliviacha akaimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri?

"Vyungu aliuza kwa fedha taslimu," baba akasema, akavaa miwani. Kikao kikafungwa. Niliruhusiwa kuoka "kwa muda," na hadi leo sijaambiwa muda huo unaisha lini.

Baba ni mtu wa heshima zake, hawezi kudanganya, lakini pia hawezi kumwambia mgeni kwamba mwanawe msomi anapiga mayai. Akapata njia ya kati. "Huyu ni ofisa rasilimali watu," huwa anasema, "kwa sasa yuko kwenye masuala ya chakula." Wageni wakitoka hapo wanasambaza mtaani kwamba nimepata kazi Umoja wa Mataifa, Shirika la Mpango wa Chakula. Kinamama wakaanza kuniamkia kwa upole mpya. Jioni moja jirani alikuja na bahasha ya kaki: barua ya maombi ya kazi ya mwanawe, vyeti vimedurufiwa, na picha mbili za paspoti. Nikasema moyoni, rasilimali watu ndiyo hii sasa. Nikamfanyia kijana usaili hapohapo uani, swali moja tu, kama ana mkono wa kupiga siagi na sukari bila kupumzika. Alikuwa nao. Ndiye msaidizi wangu mpaka leo, na baba yake bado anasubiri mwanawe apangiwe kituo Sudan Kusini.

Sasa, mapenzi ya keki na umeme wa nyumba ya kupanga havikai chungu kimoja. Nyumba yetu Tabata ina wapangaji wa vyumba kadhaa na mita moja ya LUKU, na kila chumba kinachanga sawa. LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, lakini kwetu ilikuwa lipa kadiri ninavyotumia mimi. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kujizima inakula uniti 2. Nyumba iliyokuwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti moja ilikuwa shilingi 100 kabla ya makato; ukivuka hapo, kila uniti ya ziada iliruka hadi 350. Oda tatu za ubatizo tu na tukavuka. Mpangaji wa chumba cha mbele, mtu mpole, fundi saa, aliingiza zile tarakimu 20 za tokeni, akaona uniti zilizoingia, akaja kusimama mlangoni kwangu bila kusema neno. Mita yangu ndogo ya pembeni niliinunua kesho yake.

Lakini hata uniti zikiwepo, umeme wenyewe una ratiba zake. Na keki haina subira. Ndani ya oveni viputo vya hewa vinatangulia kutanuka. Mayai na wanga hushika baadaye. Umeme ukikatika katikati ya hapo, viputo vinapoa, kuta bado laini, na keki inazama katikati. Huwezi kuirudisha. Nilikuwa nazikata hizo vipande vya shilingi mia mbili na kuwauzia watoto wa mtaa. Wakazipenda kupita kiasi, maana katikati huwa mbichi kidogo. Siku hizi umeme ukikatika Tabata, mitaa mingine hulalamika. Kwetu utasikia watoto wakishangilia na kukimbilia uani kwangu na hela mkononi. Ndio wateja wangu waaminifu kuliko wote: wanalipa kwanza.

Wengine ni ndugu.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, aliniagiza keki ya kipaimara. Ghorofa mbili, krimu nyeupe, msalaba wa dhahabu juu. Nikamtajia bei, tena ya kindugu. Akacheka kwa mapenzi ya kweli, akanishika shavu.

"Baba, mimi nitakuletea unga."

Akaleta. Kilo mbili, kwenye mfuko mweusi wa kushonwa, akauweka mezani na kupangusa mikono. Mayai, siagi, sukari ya unga, vanila, gesi, boksi, dhahabu ya kupaka msalabani na usiku wangu mzima vilikuwa vyangu. Nilipojikakamua kumkumbusha kwa adabu zote, shikamoo mbele, alinitazama kwa mshangao usio na hila.

"Kwani si unapenda mwenyewe?"

Nimelisikia swali hilo kwa marafiki wa shule, kwa kwaya, na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Sijawahi kusikia likiulizwa kwa fundi bomba. Hakuna anayemwambia dereva wa daladala kwamba kwa kuwa anafurahia usukani basi nauli ni ya nini. Inaonekana mtu akionekana anatabasamu kazini, watu huhesabu kwamba malipo yameshafika, yamepita njia nyingine. Ndiyo maana sasa nikipokea oda ninakunja uso. Msaidizi wangu namfundisha hivyo hivyo: ukimwona mteja anakuja, acha kuimba.

Wateja wa simu nao wana yao. Anakutumia picha ya keki iliyookwa Dubai, ghorofa tano, maua ya sukari yanamwagika hadi sakafuni, pembeni kuna swala. "Nataka kama hii, nina elfu arobaini." Ukimwambia haiwezekani anaomba umpunguzie kwa kuwa ni mteja wa kudumu, na hiyo ndiyo meseji yake ya kwanza kwako. Advansi atatuma jioni, sasa hivi yuko kwenye daladala. Nimewahi kukaa siku nzima nikisubiri simu iite kwa muamala, ikaita, nikaruka, nikafungua: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hata tapeli anajua ni nani mtoaji hapa.

Nilijaribu pia ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo vijana wametengewa 4, wanawake 4 na watu wenye ulemavu 2. Sharti mnaunda kikundi. Nikawakusanya marafiki, tukafanya kikao cha kwanza nyumbani kwangu, na kila mmoja akathibitisha kuwa anapenda keki. Walithibitisha zote zilizokuwepo. Kikao cha pili hakikufanyika.

Sasa ile harusi ya Februari. Mwezi huo Dar es Salaam mchana hufika nyuzi 32 bila kujitahidi, na siagi huanza kuyeyuka nyuzi hizohizo. Krimu ya siagi mjini hapa huishi kama mpangaji aliyepewa notisi. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu kamati ya harusi ilikuwa imekata bajeti yangu ili iongeze matarumbeta, tulikubaliana na mwenyekiti: ghorofa nne, ya chini ndiyo keki, tatu za juu ni dami. Dami, kwa asiyejua, ni lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni, limechongwa duara na kuvikwa fondanti na maua. Kazi ya kawaida kabisa mjini. Wageni wanakula keki za sinia zilizokatwa jikoni, na picha zinatoka na ghorofa nne.

Tulitoka Tabata kwa bajaji, msaidizi wangu amepakata boksi la chini, mimi nimekumbatia dami. Barabara ya Mandela ilikuwa imejaa malori ya bandarini. Dereva wetu alikuwa na imani kwamba tuta likipitwa kwa kasi halihesabiki. "Kaka, hii ni keki au ni mgonjwa?" aliniuliza pale Ubungo, baada ya kunisikia nikimwomba Mungu kwa sauti. Tulikunja Shekilango, tukaingia Sinza na keki nzima. Nilimkabidhi MC karatasi yenye maelekezo: ikatwe ya chini tu. Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Nilimwona.

Ndafu ikaingia kwa shangwe, mbuzi mzima na majani mdomoni. Keki ikakatwa pale pale nilipoelekeza, maharusi wakalishana, nikapumua. Ila keki ndogo za kuwatunza wazazi kamati ilikuwa imezifuta kwenye bajeti, na MC alikuwa ameshapata moto.

"Wazazi wa bwana harusi kutoka Moshi, simameni! Hawa hawapewi kipande! Hawa wanapewa ghorofa nzima!"

Matarumbeta yakalipuka. Nilikimbia kutoka jikoni na kisu mkononi, na katika ukumbi wa harusi mtu anayekimbia na kisu kuelekea kwa bibi harusi hapewi nafasi ya kujieleza. Walinzi walinipokea vizuri. Kutoka mikononi mwao nilimwona bibi harusi akiinua ghorofa ya pili kwa mkono mmoja, akashtuka, akanitafuta kwa macho. Babu wa bwana harusi akaipokea. Akaipima mikononi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia mkewe jambo ambalo niliambiwa baadaye: keki nzuri utaijua kwa wepesi.

Alfajiri ikapanda basi la Moshi.

Nilimpigia bwana harusi nimweleze. "Kaka, nakuomba," alisema, "babu ana presha." Kumbe mzee alikuwa ameshatoa agizo: keki haikatwi mpaka Krismasi, wajukuu wote watakapopanda kwenda nyumbani. Akaiweka juu ya kabati la vyombo na kitambaa cha kufuma chini yake. Machi ilipita. Mei ikapita, na masika yake yote, haikuota ukungu. Julai mchungaji alikuja kuiona. Taarifa zilinifikia moja moja, kila moja ikiwa na sifa kubwa kuliko iliyotangulia, na mama yake bwana harusi akaniomba nimwambie siri, natia dawa gani.

Mwezi uliopita mzee alinipigia mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye hoja: mwakani anatimiza miaka 50 ya ndoa, anataka keki ileile, isiyooza, ghorofa tatu. Hakuuliza kama naipenda kazi hii. Aliuliza ni shilingi ngapi. Nikataja, kwa hofu, bei kamili. Hakuomba apunguziwe. Pesa yote iliingia kabla hatujaagana, na akaniambia nijiandae, maana Krismasi nitakuwa mgeni wa heshima na ile ya kwanza nitaikata mimi mwenyewe, mbele ya ukoo.

Nimemtuma msaidizi wangu akaulizie nauli ya kwenda Moshi, na akirudi apitie Kariakoo atafute msumeno mdogo.