Kabla ya Kununua Shokapu, Panda Mizani

Ukitaka kurekebisha shokapu za mbele za pikipiki ndogo ya spoti, iache pikipiki yenyewe ipumzike kwanza, ukatafute mizani. Panda ukiwa umevaa kila unachovaa barabarani: helmeti, koti, glavu, buti, na begi kama huwa halikuachi. Usivute tumbo ndani. Mizani haidanganyiki kwa tumbo lililovutwa, na springi utakayoinunua haitadanganyika pia. Andika namba hiyo ukutani, karibu na spana.

Mfano wetu uwe Kawasaki Ninja 300, iliyoanza kuuzwa kama modeli ya 2013. Naichagua kwa sababu naipenda na kwa sababu ugonjwa wake ni wa ukoo mzima. Ina injini ya silinda mbili yenye 296 cc, uzito wa takriban kilo 172 ikiwa na mafuta, shokapu za mbele zenye mabomba ya kromu ya milimita 37, na safari ya milimita 120 kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Hizo milimita 120 ndizo mali yako yote. Ukikaa tu kwenye kiti zikaliwa 60, umebaki na nusu ya kugawana kati ya breki, mashimo na kona.

Tatizo ni kwamba kiwanda hakikujui. Kiliweka springi laini, zimfae mwanafunzi mwembamba anayeenda chuoni polepole, kikaamini mambo yatajipanga. Wewe una kilo 90 na unapenda kukamata breki ukiwa umechelewa. Ukikamata, mbele inapiga magoti, nyuma inanyanyuka, na tairi la mbele, ambalo muda huo limebeba karibu kila kitu, halina tena nafasi ya kufuata barabara. Linaruka juu ya matuta badala ya kuyameza. Hapo ndipo watu wanapoanza kuota dhahabu.

Nazungumzia zile shokapu za kupinduliwa, nene, zenye rangi ya dhahabu, zilizotolewa kwenye pikipiki ya 600 cc iliyogonga ukuta. Vijana wanauza simu ili wazinunue. Wanachonga kibano kipya, wanabadilisha rimu, breki na ekseli, kisha wanasimama kando kupigwa picha. Nisemeje? Zinapendeza kweli. Lakini springi zake zilipimwa kwa ajili ya pikipiki nzito kuliko yako, urefu wake ni mwingine, na usukani sasa una tabia isiyofanana na ya pikipiki zote mbili. Umebadilisha sehemu nane ili kukwepa kubadilisha springi mbili. Kwenye mashindano ya dunia ya Supersport 300, yaliyoanza 2017, kanuni ziliacha umbo la shokapu ya kiwandani libaki, kazi ikafanywa ndani. Mwaka huohuo Ana Carrasco wa Hispania alishinda mbio Portimão, Ureno, akiwa juu ya Ninja 300, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za mpanda mmoja za ubingwa wa dunia akichuana na wanaume. Mabomba yale ya milimita 37 yalimtosha. Yatakutosha na wewe hadi sokoni.

Basi tupime. Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kuzunguka bomba la kromu. Mwite rafiki mwenye subira na mwingine mwenye nguvu. Nyanyua mbele mpaka tairi lining'inie, pima urefu wa kromu inayoonekana. Shusha, panda na mavazi yako yote, weka miguu kwenye vikanyagio huku rafiki akiishika pikipiki isianguke, pima tena. Shokapu zina msuguano, kwa hiyo pima mara mbili: mara moja baada ya kuibonyeza mbele na kuiachia ipande taratibu, mara nyingine baada ya kuinyanyua na kuiachia ishuke taratibu. Chukua wastani. Tofauti kati ya wastani huo na kipimo cha kwanza ndiyo kiasi cha kuzama. Kwa barabara za kawaida milimita 30 hadi 40 ni afya njema. Ukipata 55, usiilaumu barabara.

Sasa atakuja mjuzi wa kijiweni na kukwambia uzibane springi zaidi kwa kuongeza kipande cha bomba juu yake, zitakuwa ngumu. Msikilize kwa heshima, mpe soda, kisha usifanye kwa sababu hiyo. Kubana kunainyanyua pikipiki, hakuibadilishi springi. Springi mbili za kilo 0.90 kwa milimita zinahitaji kilo 18 kushuka milimita 10, na zitahitaji kilo 18 kwa kila milimita 10 inayofuata hata ukizibana mpaka zilie. Ugumu unanunuliwa pamoja na springi, kwa kilo kwa milimita, nazo hupangwa kwa hatua za 0.05. Mpe muuzaji uzito ule ulioandika ukutani. Ukimpunguzia kilo kumi kwa aibu, utaletewa springi za mtu ambaye si wewe, na itabidi umtafute aje aiendeshe.

Springi mpya zikiwa fupi, kata bomba la PVC lijaze nafasi, ukiweka washa ya chuma juu na chini yake. Vipande vya miguu yote miwili ya shokapu vikate sawasawa kwa rula. Jicho halitoshi, hata jicho la fundi wa miaka thelathini.

Oili ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoonewa zaidi. Shokapu za Ninja 300, kama zile za bodaboda nyingi, zina fimbo yenye matundu ndani, na oili inapita humo shokapu inaposhuka na kupanda. Matundu hayo ni mlango wa daladala: abiria wakipanda kwa utulivu, wote wanaingia, wakivamia kwa pamoja, hapiti mtu. Kasi ya kushuka ikizidi mara mbili, ukinzani unakaribia mara nne. Ndiyo maana pikipiki hiyohiyo inayumba kama mlevi kwenye mawimbi mapana ya lami na kukupiga viganja kwenye shimo kali. Ukiweka oili nzito, kuyumba kunapungua na kupigwa kunazidi. Ukiweka nyepesi, unapata kinyume chake. Wanaobadilisha oili kila wiki wakitafuta ile itakayoponya vyote viwili wanamtajirisha muuza oili, nami namwonea furaha, maana naye ana watoto. Ukinunua, soma mnato kwa nyuzi 40, maana ile namba ya 10W ya kampuni moja inaweza isiwe sawa na 10W ya nyingine.

Dawa ya mlango mwembamba ni kuupanua na kumweka mlinzi. Kuna vali ndogo, ya kampuni ya Race Tech ikiwa maarufu zaidi, inayokaa juu ya fimbo na kushikiliwa pale na springi kubwa. Kwenye mshtuko wa taratibu inazuia. Kwenye mshtuko mkali kidude chake kinafunguka na kuachia oili ipite. Ili ifanye kazi lazima uongeze matundu ya chini ya fimbo, kwa kawaida yafike sita ya milimita 8, kisha uyasugue kingo hadi yawe laini, kwa sababu chembe moja ya chuma ndani ya oili itakula kila inachokipitia. Kitundu kidogo cha juu usikiguse, kinasimamia kurudi. Na fimbo ikishatobolewa haitoboleki kinyume. Ukisita, kalale, amka, kisha usome maelekezo ya vali tena.

Kufungua kunataka nidhamu. Kabla hujaishusha mbele, legeza kibano cha juu halafu kifuniko cha kila shokapu kwa robo zunguko. Ukisahau, utahangaika na bomba linaloteleza mkononi. Kifuniko kiko juu ya springi iliyobanwa, kwa hiyo kifungue huku ukikikandamiza kwa kiganja, uso ukiwa kando. Pikipiki iwe imesimama kwenye stendi imara, si juu ya kreti la soda. Boliti ya chini ikizungusha fimbo nzima, rudisha springi na kifuniko, vitaishika fimbo isizunguke. Weka sili mpya. Sili ya zamani iliyokwisha kutoka haina deni na wewe.

Oili ijazwe springi zikiwa nje na shokapu imeshuka kabisa. Pandisha na kushusha polepole mpaka hewa iishe, kisha upime kutoka ukingo wa juu hadi uso wa oili. Nafasi hiyo ya hewa ni springi ya tatu, dhaifu mwanzoni na kali mwishoni. Kipimo chake kiko kwenye kitabu cha pikipiki au cha vali. Miguu ilingane.

Wakati wa kurudisha mabomba kwenye vibano utashawishika kuyapandisha ili pikipiki ikate kona kwa haraka. Milimita 5 ni jaribio, 20 ni ugomvi: usukani unakuwa mwepesi mno na tairi linaweza kugusa kava wakati wa breki kali. Kaza ekseli, lakini boliti ndogo inayoibana pembeni iache ilegee kwanza. Shika breki ya mbele, bonyeza pikipiki mara kadhaa miguu ijilinganishe, ndipo uikaze. Hatua hii ya dakika moja inarukwa kila siku, halafu mtu analalamika springi mpya ni ngumu wakati miguu yake imebanana tu.

Pampu breki mpaka mpini ushike, kwa maana pedi zilisogea ulipotoa kaliba, na mbonyezo wa kwanza unaweza usikamate chochote. Sukuma ile kamba ya plastiki chini hadi kwenye sili. Nenda mahali pa wazi, kamata breki mara tatu kwa nguvu ukiwa umenyooka, rudi uiangalie. Ikisimama milimita 10 hadi 15 kabla ya mwisho wa safari, umefika. Ikiwa imegonga mwisho, ongeza oili ili nafasi ya hewa ipungue milimita 5, urudie. Badilisha kitu kimoja kila mara, na ukiandike ukutani, chini ya ule uzito wako.