Sifa za Mbwa Mwoga wa Ndundu

Waswahili hatuna ubahili wa sifa. Tunamsifu simba, ambaye hajawahi kututendea wema wowote. Tunamsifu farasi, ambaye wengi wetu tumemwona kwenye picha tu. Kila harusi tunamsifu bwana harusi kabla hajaonyesha chochote. Mbwa tumemwachia matusi. Hata Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyeandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kitabu kizima kuonyesha kwamba mbwa ni bora kuliko wengi wavaao nguo, alimtetea mbwa mwaminifu, anayekufa akimlinda bwana wake. Kazi nyepesi hiyo. Nani atashindwa kumsifu shujaa? Mimi leo nimesimama upande wa asiye na wakili: mbwa mdogo wa umbo, mtu mzima wa umri, mwoga wa tabia, aliyeachwa na wenyewe na sasa anazurura Ndundu mkia ukiwa umebanwa tumboni. Nasema huyo ndiye wa kuchukuliwa. Waliobaki wote ni hasara.

Tuanze na mahali penyewe. Ndundu ni pale barabara ya kusini inapouvuka Mto Rufiji. Zamani palikuwa na kivuko, na masika yakikolea abiria wa Lindi na Mtwara walikesha hapo wakiyatazama maji. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima. Lami ya kutoka Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, ikachelewa miaka mingine mingi, kisha nayo ikakamilika. Tangu hapo mabasi hayapiti, yanaruka. Mbwa jasiri akiona gurudumu hulikimbilia na kulibwekea. Ujasiri huo kila mbwa huuonyesha mara moja tu.

Ukiteremka bondeni, mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Huko kuna nguruwe pori. Mbwa jasiri humvamia, nguruwe akageuza kichwa, na meno yake yakapasua tumbo. Akinusurika kwa nguruwe, yupo mamba mtoni. Akinusurika kwa mamba, ipo fimbo ya mwenye kuku. Sasa piga hesabu. Katika nchi ya namna hii, mbwa aliyeufikia utu uzima akiwa na miguu yote minne na masikio mawili ameufikia kwa njia gani? Uoga wake si dhana, una ushahidi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na huyu amecheka miaka mingi peke yake vichakani. Ndiyo maana namshauri mtu asichukue mtoto wa mbwa. Mtoto hujui atakuwa nani, pengine ana ushujaa ndani yake ambao bado haujamuua. Mtu mzima amekwisha fanya mtihani.

Mtu wa mjini atauliza mbwa mwoga analinda nini. Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu Rufiji ulinzi si neno la mchezo. Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kuwapeleka vijiji vya juu, mbali na mafuriko. Watu walipanda juu, rutuba ikabaki chini. Kwa hiyo mpunga ukianza kuiva familia huteremka tena, hupandisha dungu, na hulala hapo kuwafukuza nguruwe wasiumalize. Na simba naye huteremka, akimfuata nguruwe. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, na kwamba mashambulizi yalizidi miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, na mahali penye nguruwe pori wengi. Rufiji hapakuhitajika jarida. Palikuwa na simba mmoja ambaye wananchi walimwita Osama, aliyeuawa Aprili 2004 akiwa amekula watu zaidi ya 30. Alipochunguzwa alikutwa na jino bovu lenye usaha. Hebu fikiri: mnyama mwenye maumivu ya jino aliwafungia milango watu wa vijiji kadhaa.

Sasa mkulima yuko juu ya dungu usiku wa kiza, ana tochi na debe la kupiga. Anamtaka mbwa yupi? Yule atakayeruka chini na kuingia majanini kuuliza, “Nani wewe?” Huyo atajibiwa, na jibu hatarudi kulisimulia. Au yule ambaye, kabla ya jani kutikisika, amekwisha panda ngazi, amejibana katikati ya magoti ya bwana wake na anatetemeka mpaka dungu zima linatetemeka? Mbwa mwoga hangoji ushahidi. Anaanza kuogopa mapema, anaogopa kwa niaba ya wote, na kwa mtu aliyelala fofofo hakuna huduma iliyo bora kuliko hiyo. Kweli, mara nyingi ni panya tu. Lakini afadhali kuamshwa mara nyingi kwa panya kuliko kutoamshwa mara moja.

Mbwa mwoga wa kwetu alikuja baada ya mafuriko ya Aprili 2024, maji yalipomeza mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, watu wakahama na walichoweza kubeba. Mbwa hawakuwemo kwenye orodha ya mizigo. Nairobi lipo shirika la kutetea wanyama, KSPCA, na Usa River kule Arusha wapo watu wa Mbwa wa Africa. Huko mbwa aliyetupwa hutibiwa, hulishwa, na anayemtaka hujaza fomu. Ndundu fomu ni kichwa cha kambale. Unakiweka mbali, unageuka, unajifanya una shughuli nyingine. Kesho yake unakisogeza karibu kidogo. Siku moja anakila huku ukimtazama, na hapo amekuchukua rasmi, maana wewe hukuwa na sauti katika jambo hilo tangu mwanzo.

Bibi jirani alikuja kumkagua.

“Mwanangu, huyu mbwa au kitambaa cha jikoni?”

“Ni mbwa, bibi.”

“Mbona anakuogopa hata wewe?”

“Ananifahamu, bibi.”

Na uoga wake una elimu. Anaogopa ufagio, hata ukiwa umeegemezwa ukutani na hauna nia na mtu. Korosho ikidondoka juu ya bati anaingia chini ya uchaga wa vyombo. Anaogopa bodaboda, mwavuli, mtu aliyevaa kofia, na mtu yule yule akiivua kofia. Kipaza sauti cha msikiti kikikwaruza kabla ya adhana ya alfajiri, yeye yuko macho tayari, na kwa hilo ametuwahisha kwenye sala kuliko saa ya simu. Mgeni akija habweki, hutoweka. Basi tumejifunza kutazama pale alipokuwa amelala: pakiwa patupu, mtu anakuja, na mama watoto anaongeza maji kwenye sufuria ya chai kabla ya hodi kusikika. Niambie ni mbwa gani wa polisi anayeweza kazi hiyo. Radi ikipiga hujikojolea, na hapo nyumba nzima huhamasika kufagia na kumwaga maji. Ua wetu haujapata kuwa safi kama masika haya.

Wapo watakaoniletea hoja ya dini, na wana haki yao. Kwetu mate ya mbwa ni najisi, na sisi Mashafii tunajua chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nani, nauliza, alishawahi kuosha sahani kwa bidii hiyo kwa ajili ya paka? Lakini pia tumefundishwa kwamba mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda wana ruhusa, mradi wakae nje. Wetu anakaa nje, na ukitaka kumwingiza ndani kwa nguvu atazirai. Isitoshe, Suratul Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Hakutajwa kubweka, wala kumng’ata mtu. Alilala mlangoni, basi, na anasomwa kila Ijumaa.

Kuna jambo moja ambalo sitalifanyia mzaha. Mbwa mwoga akibanwa pembeni huuma, tena bila onyo, na kichaa cha mbwa hakiulizi kama aliyeuma alikuwa jasiri au mwoga. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ipo tangu enzi za Louis Pasteur, mwaka 1885, na inajulikana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Kati ya 2010 na 2015 kampeni kubwa ya kuwachanja mbwa ilipita katika wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania na Pemba. Wa kwetu alikuja kampeni hiyo imekwisha, lakini naye tulimpeleka kuchanjwa, ndani ya gunia, kichwa tu kikiwa nje. Alipoona sindano alitulia tuli. Mtaalamu akamsifu kwa ushupavu. Hatukumwambia kwamba hofu ilikuwa imezidi kiwango cha kutetemeka.

Kwa hiyo, ewe mwenye shamba bondeni, wale majasiri waachie barabara. Mtafute mdogo, mtu mzima, anayekuepuka. Usimkimbilie wala usimfokee, na mikono ya watoto ikae mbali naye mpaka atakapoizoea. Mchanje kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uliza kwa ofisa mifugo wa kata kama kuna chanjo ya bure. Mtu akiumwa, mwoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Na mbwa akijificha chini ya uchaga, muache huko. Toka wewe uangalie nje kuna nini.