Tisini na Moja Yangu

Aliyetunga maneno "vigawo", namba zinazogawa, na "vigawe", namba zinazogawanywa, hakuwa na mtoto wa darasa la tano. Mimi ninaye. Jumapili jioni, mpira umefika dakika ya sabini, binti akanisimamia mbele ya televisheni na daftari lake.

"Baba, 91 ina vigawo gani?"

Nikaikagua. 2 haiingii, 3 haiingii, 5 ndiyo kabisa. Na sura yenyewe ya tasa, imejikalia kama bachela wa chumba kimoja. "Haina. Hiyo ni namba tasa. Sogea kidogo."

Jumanne daftari likarudi na X ya wino mwekundu, na pembeni yake: 7 × 13. Chini mwalimu kauliza, "Nani alikusaidia?" Mama watoto, aliyekuwa akichambua mchele, alicheka mpaka ungo ukayumba.

Naomba kujitetea. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliorodhesha namba alizosema ni tasa. Mojawapo ilikuwa hii: zidisha 2 sitini na saba zenyewe kwa zenyewe, kisha toa 1. Unapata 147,573,952,589,676,412,927. Si tasa! Lakini hakuna aliyemchorea X kwa zaidi ya miaka 200. 91 yangu ilidumu siku mbili.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba namba ile inagawanyika. Kwa ngapi? Njia yake haikuonyesha. Hapo nilimkumbuka fundi wangu wa gari. "Mzee, humu kuna tatizo." Tatizo gani? "Lipo." Nimelipia hilo "lipo" mara tatu sasa. Wanahisabati walikaa nalo miaka 27.

Ndipo tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani mjini New York, akasimama Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alishika chaki, akakokotoa ile namba ya Mersenne hadi tarakimu ya mwisho. Akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, mstari kwa mstari. Majibu yakawa yale yale. Akarudi kukaa, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

Jumapili za miaka mitatu! Zangu za mwaka huu zimeliwa na vikao vya harusi za watu nisiowajua hata kwa sura, na kila kikao kinafungwa kwa sala na daftari la michango.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuzizidisha zile namba mbili za Cole ni kazi ya penseli na mchana mmoja. Kuzitenganisha ndiko kulikomla mtu. Mchele na mchanga vinachanganyika mara moja tu gunia likipasuka. Kuchambua, mwulize mwenye ungo. Kuna kufuli za siri za mtandaoni zilizojengwa juu ya taabu hiyo hiyo: zao linaanikwa hadharani, wazazi wake wawili wanafichwa. Na wazazi wenyewe ni namba tasa! Kila namba inayogawanyika imezaliwa nazo, halafu sisi tunaziita tasa. Tumezionea.

Jana binti kaja na 143. Sikutamka neno. Nilizima televisheni, nikachukua penseli: 2 hapana, 3 hapana, 5, 7... 11 ikaingia. Nikaandika 11 × 13 kwa tarakimu kubwa za kizee, nikarudi kwenye kochi, nikasubiri makofi.

Binti akalitazama daftari, akamtazama mama yake, kisha mimi.

"Baba, hapa wametaka vigawe."